Kiti cha Mwalimu Shaame

Daktari aliyenipima presha aliyatazama magoti yangu kabla ya kunitazama usoni, kisha akaniambia kwamba vidonge peke yake havitanitosha, sharti nitafute mazoezi. Alilitamka neno hilo kwa upole, kama mtu anayekuagizia matunda. Mimi nililisikia kwa namna nyingine, na nikamuuliza papo hapo, bila kufikiri, nimekosa nini. Akacheka. Alikuwa kijana.

Ndivyo nilivyojikuta, asubuhi moja ya Jumapili, katika kiwanja kilicho karibu na Madungu, miongoni mwa wanawake wa rika langu waliovaa raba za watoto wao na kufunga mabaibui viunoni. Mwalimu wetu alikuwa binti mwembamba mwenye firimbi shingoni. Alipotuamuru tunyooshe mikono juu, sote tuliinyoosha kwa utiifu uliomshangaza, na Bi Kazija, jirani yangu wa siku nyingi, akaninong'oneza, "Leo tumekosa nini, shoga?" Kicheko kikapita safu hadi safu. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Yule binti alituuliza tunachekea nini, nasi tukashindwa kumwambia, kwa kuwa hakuwahi kuwa mtoto katika miaka yetu.

Baadaye kidogo magoti yangu yaligoma. Binti akaniletea kiti cha plastiki, akakiweka pembeni penye kivuli, akasema kwa wema mtupu, "Kaa hapa, mama. Tupigie makofi, wenzio waruke." Nilikaa. Nikainua mikono. Mikono ikakataa kukutana. Nilimdanganya kwamba kizunguzungu kimenishika, nikarudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimtafakari mtu mmoja niliyedhani nimekwisha kumzika.

Skuli yetu ilikuwa upande wa Ole, bara ya kisiwa, mbali na pwani. Ilikuwa majengo mawili ya mawe yaliyotazamana, na kati yake uwanja wa udongo mwekundu ambao jua liliukausha ukawa mgumu kama sakafu, ila sakafu iliyomwagiwa changarawe. Kabla Mwalimu Shaame hajaja, tulitawaliwa na fimbo ya mpera. Kisha mvulana mmoja wa darasa la tano akavunjwa kidole kwa fimbo hiyo, wazee wakanung'unika, na mwalimu mkuu akapiga marufuku fimbo zote. Katika pengo hilo ndipo alipoingia Mwalimu Shaame, kijana mtanashati, shati lake limepigwa pasi hata mikunjo ikasimama, ananukia sabuni. Siku ya kwanza alituonyesha viganja vyake vitupu.

"Miye simpigi mtoto wa mtu," alisema. "Miye nawafanyisha mazoezi. Mwili ukichoka, akili huamka."

Wazazi walimwombea dua. Bibi yangu, mama yake mama, ambaye tuliishi naye, alisema kwamba mwalimu huyo ana huruma na amelelewa na watu. Na kweli, hakumgusa mtoto hata mara moja. Alituchuchumaza tukashika masikio, tukaruka kama vyura kutoka jengo moja hadi jengo la pili. Alituegemeza ukutani tukakalia hewa, mapaja yakatetemeka kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Alitutembeza kwa magoti juu ya changarawe. Yeye alisimama kivulini akisoma karatasi zake.

Nimesoma vya kutosha katika maisha yangu juu ya watawala na adhabu zao, na nimefikia kuamini kwamba ukatili uliojitakasa mikono ni mbaya kuliko ule uliojichafua. Fimbo ina mwisho wake, kwa sababu mkono wa mpigaji nao ni nyama, nao huchoka. Katika adhabu ya Mwalimu Shaame aliyepiga na aliyepigwa walikuwa mtu mmoja. Mtoto alijitesa kwa mwili wake mwenyewe, na aliyeamuru hakutokwa na jasho. Tena fimbo huacha alama ya kumwonyesha mama. Tungemwonyesha mama nini sisi? Maumivu ya mapaja hayana rangi. Ukilalamika, wataambiwa wageni barazani kwamba mtoto huyu ni mvivu, hataki hata kurukaruka kama watoto wenziwe.

Mwaka ule mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa kiume, na baba alikuwa kusini, maeneo ya Mtambile, akichuma karafuu katika mashamba ya watu mpaka msimu uishe. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilichota maji kisimani, nikapika uji, nikaanika karafuu zetu chache juu ya majamvi, ndipo nikashika njia ya skuli mbio, nikateremka bonde na kupanda kilima, na mara nyingi kengele ilikuwa imekwisha kulia. Wachelewaji walikimbizwa kuuzunguka uwanja. Wenzangu waliliona hilo kuwa balaa. Kwangu mimi, niliyekuwa nimekwisha kukimbia na ndoo kichwani tangu alfajiri, kukimbia mikono mitupu kulikuwa kama kupumzika. Nilimaliza mbele ya wote, nikasimama mbele ya Mwalimu nikitabasamu.

"Binti Kombo," alisema, "umefurahi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilidhani ameuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Vyema," akasema. "Kesho tutakutafutia kinachokufaa."

Kesho yake nilichelewa tena. Aliwatoa nje darasa letu la sita lote, si wachelewaji peke yao, akawapanga juani. Kisha akaingia ndani mwenyewe, akatoka na kiti chake, kile cha mti chenye mikono ambacho mwanafunzi hakuthubutu hata kukiegemea. Akakiweka barazani penye kivuli, akakifuta vumbi kwa leso yake ya mfukoni.

"Kaa, Binti Kombo."

Nilikaa. Miguu yangu haikufika chini.

"Weye mazoezi hayakufundishi kitu, wayaweza. Wenzio ndio dhaifu. Kwa hivyo kila ukichelewa, wao watafanya kwa niaba yako, nawe utawaongoza. Piga kofi, wachuchumae. Piga la pili, waruke. Ukisita, nitajua wataka waendelee."

Msomaji wa umri wangu ameshaelewa kilichofanyika pale. Mtoto hakuelewa. Mtoto aliona kwamba ameitwa kutoka juani akawekwa kivulini, juu ya kiti cha mwalimu, na kupewa kazi ya kuongoza. Niliona nimepandishwa cheo. Nilipiga makofi yale kwa ari, kwa mdundo niliojifunza katika ngoma za harusi, nikajitahidi yasipishane, ili Mwalimu aone kwamba hakukosea kunichagua. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama, naye, mtoto kifuani, akasema, "Alhamdulillahi. Waona faida ya kuwa mwepesi?" Bibi akanimwagia mchuzi wa nazi wa ziada juu ya muhogo wangu.

Kando ya habari hiyo njema kulikuwa na jambo dogo moja tu lililonikera. Mize hakunisubiri. Mize alikuwa mtoto wa nyumba ya pili, mnene wa kupendeza, mwenye nywele zilizopakwa mafuta ya nazi mpaka yakamchuruzika shingoni. Tulikalia deski moja skuli na mkeka mmoja chuoni kwenye Kurani, na mvua ikinyesha tulijifunika kanga moja. Hatukuwahi kurudi nyumbani kila mtu kivyake. Siku ile nilimkuta mteremkoni, anashuka ubavuubavu, ameushika ua wa watu.

"Mbona hukunisubiri?"

"Miguu haisubiri mtu leo."

"Waumwa?"

"Siumwi. Nacheza ngoma." Akashuka hatua nyingine, akauma mdomo. "Nenda zako, Bibi Harusi. Usije ukachafuka."

Jina hilo alikuwa amelitunga Hamad, mvulana mkubwa wa darasa letu, mwenye ulimi mwepesi, na kufikia asubuhi lilikuwa limeenea. Lilinifaa kwa kweli. Bibi harusi hukalishwa juu, wenziwe wakatoka jasho mbele yake na kumtunza fedha. Nilipokalishwa tena kitini, Hamad aliruka kichura akapita karibu na baraza, akasema kwa sauti ya chini, "Punguza ngoma, Bibi Harusi, tumekwisha kukutunza." Wengine wakacheka kwa pumzi waliyobakiwa nayo. Mwalimu Shaame naye alitabasamu, na tabasamu lake ndilo lililonifungua macho kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimemsikia akikataza kicheko mara nyingi, lakini kile hakukikataza.

Nikaacha kuchelewa. Niliamka mapema zaidi, nikayaacha maji nusu ndoo, nikamwacha mama akipika uji mwenyewe na mtoto mgongoni. Nilifika kabla ya kengele, nikasimama mstarini nikihema. Mwalimu aliniona, akakitoa kiti.

"Sikuchelewa leo, Mwalimu."

"Najua. Lakini kiti kimekuzoea."

Sababu zikawa hazihitajiki tena. Akipiga mtu kelele, akisahau mtu hesabu, adhabu ilikuwa ya wote na makofi yalikuwa yangu. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta huruma katika mikono yangu mwenyewe, na nikagundua kwamba haimo. Nikipiga polepole, walibaki wamechuchumaa, mapaja yanawaka. Nikipiga haraka, walikosa pumzi. Nilitafuta mwendo wa kati, mwendo wa kuwapumzisha bila Mwalimu kutambua, na mwendo huo haukuwepo. Hawakuwa wakinitazama usoni tena. Waliitazama mikono yangu, kama kuku anavyoitazama mikono ya mchinjaji.

Siku moja niliteremka kitini, nikaenda kuchuchumaa kando ya Mize. Mwalimu hakunikemea. Aliwaamuru wenzangu waende ukutani wakakalie hewa, akasema wataachiliwa nitakaporudi mahali pangu.

"Na mimi nina makosa, Mwalimu," nilimwambia.

"Huna kosa lolote, mwanangu. Wenye kosa ni hawa, la kuwa na mwenzao kama weye."

"Rudi basi," alisema Mize kwa meno yaliyobanwa, mgongo wake ukisugua chokaa ya ukuta. "Rudi, Mungu akulaani."

Nikarudi.

Nilichokuwa nikikipoteza nilikijua vizuri, hata kama sikuwa na maneno ya kukieleza. Mtoto wa kisiwani hana mali nyingine ila wenziwe. Baba yuko mashambani, mama yuko na kichanga, na dunia nzima ni wale anaokwenda nao kisimani, skuli na chuoni. Chuoni nako, tulikosoma alasiri kwa Maalim, mzee aliyekuwa akituheshimu hata alipotuchapa, mkeka wangu ulikuwa umebaki na mimi peke yangu. Watoto walijibana kwenye mikeka mingine wakapandana magoti, wangu ukabaki mweupe kama wa maiti.

Huko chuoni ndiko walikofanya jambo ambalo sidhani watoto wa mahali pengine wangelifikiria. Kwetu mtu akiibiwa au akionewa na asiwe na pa kushitaki, husoma halbadiri. Hukusanywa watu, kikasomwa kisomo, na dhalimu akakabidhiwa kwa Mwenyezi Mungu. Asipokuja kutaka radhi, humpata alichokitafuta, tumbo humvimba au mguu humwoza. Hicho ni kisomo cha watu wazima na wenye elimu, na masheikh wengi huonya kisichezewe. Hamad alikuwa na mjomba wake aliyewahi kualikwa katika kisomo kama hicho. Akawakusanya wenziwe nyuma ya ukuta wa chuo, penye majani yanayonyweshwa na maji ya udhu, wakasoma walichokijua, ambacho kilikuwa kidogo, na walichosahau wakakiziba kwa kuitikia amina.

Mize ndiye aliyeniletea habari. Alikuja kisimani, akasimama mbali.

"Nimekuja kukwambia, kwa sababu si vizuri mtu asomewe naye hajui."

"Nimesomewa nini?"

"Halbadiri."

Ndoo ilinitoka mkononi.

"Mmenitaja jina?"

"Hamad alitaka kulitaja. Miye nikakataa. Nikamwambia tuseme tu, anayetutesa. Mungu amjua."

"Ndiye mimi?"

Mize alifikiri kwa haki, naona bado uso wake. "Sasa nani?" akasema. "Wapiga makofi nani?"

Mpigaji nilikuwa mimi, nikakubali. Hapo ndipo penye kosa langu kubwa la kuelewa katika utoto wangu wote: niliamini kwamba hukumu ile ni ya haki. Sikumwomba Mungu aiondoe. Nilitaka tu kujua itanifikia lini, ili nisiwe nimembeba mtoto.

"Bibi," nilimuuliza usiku ule alipokuwa akinisuka, "halbadiri huchukua muda gani?"

"Hutegemea kosa. Umeiba nini?"

"Sikuiba."

"Basi lala."

Nilikataa kumbeba mdogo wangu. Mama alinisihi, kisha alinikaripia, kisha akamwambia Bibi kwamba nimeingiwa na wivu wa mtoto mdogo, nami nikaridhika adhani hivyo. Mwiba uliponichoma nilisema, imeanza. Tumbo liliponguruma kwa njaa nikasema, ndiyo hii. Nilijipapasa miguu kila nilipokaa kitini, na kupiga makofi, na kujipapasa tena. Wenzangu nao walinikagua walipokuwa wakiruka, kwa udadisi, kama watu wanaotazama embe iwapo limeiva.

Kisha asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, Mwalimu Shaame hakuonekana. Mwalimu mkuu alikuja darasani mwenyewe, akatuambia kwamba mwenzake ameanguka na baiskeli mteremkoni, amevunjika mguu, tumwombee.

Mwalimu mkuu aliudhania ukimya wetu kuwa ni huzuni, akatusifu kwa adabu yetu, akatoka. Ndipo Hamad aliposema, na ulimi wake haukuwa mwepesi tena, "Imekwenda."

"Imekwenda wapi?" aliuliza mtu.

"Kwa mwenyewe."

Macho yote yakanigeukia, kisha yakaniacha, yakaenda kwenye kile kiti mbele ya darasa. Sijui kama msomaji ataniamini nikisema kwamba mpaka dakika ile haikuwa imenijia hata mara moja, wala haikuwa imemjia mmoja wetu, kwamba anayetutesa angeweza kuwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa kama jua. Jua likikuchoma hulilaumu jua, unamlaumu aliyekuzuia usiende kivulini. Mimi siamini leo kwamba kisomo cha watoto wasiokijua ndicho kilichomvunja mguu mtu yule. Udongo wa kwetu ukinyeshewa huteleza, na breki za baiskeli yake zilikuwa zimekwisha, kila mtu alijua. Lakini nimesoma vitabu vizito juu ya dhulma na wenye kuitenda, na sijakuta swali lililoulizwa kwa unyofu kuliko lile waliloliuliza wajinga wale kwa kukataa kutaja jina. Walimwachia Mungu nafasi tupu, na nafasi hiyo ikawaonyesha mtu ambaye macho yao yalikuwa yamekatazwa kumwona.

Siku hiyo Mize alinisubiri. Alitembea mwendo wangu mpaka nyumbani. Niliingia ndani nikambeba mdogo wangu, nikamzungusha mpaka mama akacheka.

Ingalikuwa vizuri kumbukumbu hii ikomee hapo. Haikukomea. Siri ya watoto wengi si siri, na habari ilimfikia mama yake Mwalimu Shaame, naye akalia mpaka kwa Maalim. Alasiri moja Maalim alifunga mlango wa chuo akauliza nani walisoma. Mikono ikainuka mmoja mmoja. Nami niliinua wangu.

"Huyu hakuwapo, Maalim," alisema Hamad. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa mkweli tu. "Huyu ndiye tuliyemsomea."

"Basi weye keti pale mlangoni," alisema Maalim.

Nikaketi mlangoni. Walichapwa wote, mmoja baada ya mwingine, kwa kuchezea lisilochezewa, na Mize, aliyelizuia jina langu lisitamkwe, alichapwa miongoni mwao. Alipopita akirudi mkekani alinitazama mara moja. Hapakuwa na hasira katika macho yale. Palikuwa na uchovu, kama wa mtu aliyegundua kwamba kumpenda mwenzake fulani kuna gharama asiyoiweza.

Halafu Mwalimu mwenyewe akaja nyumbani kwetu. Aliletwa kwa gari la ng'ombe, mguu umenyooshwa mbele na kufungwa vibao, mama yake ubavuni, Maalim nyuma. Alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kutaka radhi, kama desturi inavyomtaka mtu aliyesomewa. Alikuwa amekonda na hanukii sabuni. Mimi nilijificha nyuma ya mlango, nikijiandaa. Nilikuwa nimekwisha kuchagua maneno. Nilikusudia kumwambia, nimekusamehe, Mwalimu, lakini waambie wenzangu kwamba si mimi.

"Bi Mkubwa," alimwambia Bibi, "na weye dada, kama kuna lolote lililopita baina yangu na mtoto, nataka radhi."

"Lipi lipite, Mwalimu?" alisema Bibi. "Tumesikia wampa kiti chako akalie. Nani amfanyiaye mtoto hivyo siku hizi?"

"Sisi hatuna neno nawe," alisema mama. "Yule ni mwanao. Mungu akuponye."

"Amina," alisema Maalim. "Limekwisha."

Nilitoka nyuma ya mlango ili niitwe. Mwalimu Shaame aliniona. Macho yake yaliniepuka, yakatua kwenye mtungi.

"Binti Kombo, niletee maji ya kunywa."

Nikamletea. Akanywa, akanirudishia kata bila kunigusa kidole, na ng'ombe wakageuzwa. Radhi ilikuwa imeombwa na kutolewa juu ya kichwa changu, kama watu wanavyopitisha mzigo juu ya mtoto ili usimwangukie.

Wapo wa rika langu, nao ni watu wazima wenye vyeo na wajukuu, wasemao kwamba adhabu zile zilitukomaza, na kwamba watoto wa leo wameharibika kwa kukosa kurushwa kichura. Siwabishii kuhusu uimara wa mapaja yao. Nawauliza tu walijifunza nini juu ya nani mwenye kosa, na nani mwenye haki ya kusamehe, na iwapo wamekwisha kukisahau walichojifunza au wanakifundisha.

Mwalimu alirudi skuli na gongo kwapani. Siku ya kwanza hakumwadhibu mtu. Siku iliyofuata alisikia kelele kutoka darasani kwetu, akatutoa nje. Wenzangu walijipanga juani bila kuelekezwa. Mimi nilisimama kati ya mstari na baraza, kwa sababu sikujua pangu ni wapi. Kiti hakikutolewa. Mwalimu alinitazama upesi, kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekwisha kumwuma.

"Binti Kombo, weye ingia darasani ukasome."

Ilikuwa hofu, naye akaiita hisani. Nyuma yangu nilimsikia Hamad akisema, "Bibi Harusi kaingizwa ndani." Hakuna aliyecheka. Mize alikuwa akitazama chini. Na mimi, kwa akili ya mtoto ambayo katika jambo hilo haikukosea, nilielewa kwamba nikivuka kizingiti kile sitatoka tena. Nitakaa kivulini mpaka skuli iishe, na hakuna atakayetembea mwendo wangu.

"Mwalimu, naomba na mimi."

"Waomba nini?"

"Adhabu."

"Una kosa gani?"

Nililitafuta kosa mwilini mwangu mwote. "Nilipiga kelele, Mwalimu," nilisema, mimi ambaye sikuwa nimezungumza na mtu tangu asubuhi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuzungumza naye.

Akaashiria mstari kwa kidevu.

Nilikimbia. Nilichuchumaa, nikashika masikio. Mize alisogea kushoto, si sana, upana wa mtu mmoja, nami nikaingia.

"Bana magoti, shoga," alininong'oneza bila kugeuza uso. "Ukiyaachia yatakuuma hadi kesho."

Mwalimu alipiga gongo lake kwenye sakafu ya baraza, tukaruka. Akapiga tena. Vumbi jekundu lilinijaa mdomoni, changarawe ikaniingia vidoleni, na mapaja yakashika moto niliokuwa nimeuamuru kwa wengine muda wote ule bila kuujua. Bega langu liligonga bega la Mize, nikasikia harufu ya mafuta ya nazi na jasho lake, na sikuwa nimewahi kuwa na furaha kama ile. Tulipofika jengo la pili tuligeuzwa, tukaruka tena kurudi. Na adhabu ilipokwisha, tuliposimama tukiyumba na kupangwa kutoa shukrani kama ilivyokuwa kanuni, darasa zima lilisema, "Ahsante, Mwalimu," na sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi.